Mfuko Uliopungua: Kwa Nini Mmoja Hutoa Seli Shina Nyingi na Mwingine Chache

Shangazi yangu anakaa Kirumba, Mwanza, nyuma kidogo ya soko la samaki la Mwaloni, mahali ambapo harufu ya dagaa wanaoanikwa hukupokea kabla hujabisha hodi. Niliporudi kutoka hospitali nilikokwenda kumchangia kaka yangu seli za damu, nilimpitia kumsalimia. Akaitikia marahaba, akanimiminia chai, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza jambo ambalo kumbe ukoo mzima ulikuwa ukilinong'ona.

"Mama, tumesikia siku ya kwanza hukutoa za kutosha. Ulikuwa na kinyongo na kaka yako?"

Sikuwa na kinyongo. Nilikuwa na kilo 50, mishipa myembamba kama uzi wa kushonea, na kaka mwenye kilo 72. Ila siku ile sikujua kwamba hilo ndilo jibu, kwa hiyo nikaapa kwa Mungu kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani. Tangu hapo nimesoma, nimewasumbua watu wa maabara kwa maswali, na haya hapa chini ndiyo niliyotakiwa kumwambia pale pale kabla chai haijapoa.

Tuanze na seli zenyewe. Ndani ya mifupa mikubwa, hasa nyonga, uti wa mgongo na kidari, kuna kitu laini chekundu kiitwacho uloto. Huko ndiko damu inakotengenezwa. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, chembe sahani zinazogandisha damu huishi siku kumi au pungufu, na chembe nyeupe nyingine hufa ndani ya saa chache, kwa hiyo uloto haufungi hata sikukuu. Wanaoendesha kazi hiyo ni seli shina: seli moja inaweza kujizaa yenyewe na pia kuzaa kila aina ya chembe iliyomo kwenye damu. Mwaka 1961, kule Toronto, James Till na Ernest McCulloch waliwaonyesha watu jambo hilo kwa kuhesabu vinundu kwenye wengu za panya. Panya hao walikuwa wamepigwa mionzi, kisha wakachomwa uloto wa panya wengine, na kila kinundu kilikuwa uzao wa seli moja iliyopata makazi mapya. Upandikizaji wote wa uloto unasimama juu ya wazo hilo. Mgonjwa ambaye uloto wake umeharibika, au umeteketezwa makusudi kwa dawa ili saratani ife nao, hupewa seli shina za mtu mwingine, zikaingia kwa dripu kama damu ya kawaida, na zenyewe zikatafuta njia ya kurudi mifupani.

Ugumu ni kuzipata. Katika damu inayozunguka mwilini, seli hizi ni adimu kweli. Maabara huzitambua kwa alama iliyo juu ya ngozi yake iitwayo CD34, na huzihesabu kwa mikrolita, yaani sehemu moja ya milioni ya lita. Katika mikrolita moja kuna chembe nyekundu kama milioni nne au tano. Seli zenye CD34, mtu akiwa katika hali yake ya kila siku, ni mbili, tatu, pengine tano.

Mtu wa Mwanza ataelewa haraka nikimpeleka ziwani. Ziwa limejaa dagaa usiku na mchana, lakini mvuvi hawafuati chini. Husubiri giza, huwasha taa juu ya maji, dagaa wakapanda kuufuata mwanga, ndipo wavu unashushwa. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi mingi hulala ufukoni, kwa sababu taa haina kazi. Dagaa wapo wale wale, hawajapanda tu. Uvunaji wa seli shina kutoka kwenye damu ni vivyo hivyo. Kuna taa ya kuzipandisha, kuna wavu wa kuzinasa, na kila kimoja kina namna yake ya kufeli.

Taa ni dawa ya sindano iitwayo filgrastimu, nakala ya homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza kuuhimiza uloto uzalishe chembe nyeupe. Mchangiaji mwenye afya huchomwa kila siku kwa siku nne au tano, kipimo cha kawaida kikiwa mikrogramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake. Seli shina hukaa zimeshikwa ndani ya uloto kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi; kamba yenyewe ni kemikali mbili zinazoshikana, moja juu ya seli, nyingine kwenye kuta za uloto. Dawa inapojaza uloto kwa chembe nyeupe, hizo chembe humwaga vimeng'enya vinavyozila kamba. Mbuzi wanafunguka na kutoka barabarani.

Hawakai barabarani muda mrefu. Idadi yao hufika kileleni siku ya tano hivi, na baada ya hapo huanza kushuka hata ukiendelea kuchomwa. Ndiyo maana ratiba ya mchangiaji haichezewi. Huwezi kusema basi limeharibika njiani, nitakuja keshokutwa. Mashine, mtaalamu, kitanda na mgonjwa ambaye uloto wake labda umeshauawa, vyote vimepangwa kuzunguka asubuhi moja.

Siku ya tatu mifupa ilianza kuniuma. Kiuno, mapaja, kidari. Ilikuwa kama malaria inayobisha hodi, ila homa haiji. Wachangiaji wengi hupata maumivu hayo pamoja na kichwa kuuma, na parasetamo huyatuliza vizuri. Nilikatazwa aspirini, kwa sababu mashine ingenipunguzia chembe sahani, na aspirini ingezilemaza hizo zilizobaki.

Asubuhi ya siku ya tano walinitoa damu kidogo kupima CD34 kabla ya kuniunganisha. Kipimo hicho kimoja ndicho kinachotabiri mavuno kuliko vingine vyote. Umri, jinsia, uzito, yote nitakayoyataja huko mbele, nguvu yake kubwa ni kwamba yanabadilisha namba hiyo. Yangu ilikuwa 48 kwa mikrolita. Nesi aliniambia si mbaya. Ni kweli haikuwa mbaya: wachangiaji wenye afya wengi huwa kati ya hapo na mia moja, wengine hupita, na wasiwasi huanza namba ikiwa chini ya 20.

Kisha wavu. Mashine huitwa ya aferesisi, na ndugu yake mdogo hutumika kuchukua chembe sahani kwa wachangiaji damu. Mkono mmoja unatoa, mwingine unapokea. Damu inaingia kwenye kikombe kinachozunguka kwa kasi, inajipanga kwa uzito: nyekundu nje, maji ya damu ndani, na katikati utando mwembamba wenye chembe nyeupe na zile tunazozitafuta. Mashine inafyonza utando huo polepole, inarudisha vingine vyote. Sindano ya mkono wa kutoa ni ya chuma, nene, na mkono haukunjwi. Nilikaa hivyo saa tano. Pua iliniwasha mpaka nikamwomba nesi, mtu mzima mwenye miaka ya mama yangu, anikune. Akanikuna bila kucheka. Kwenye mfuko mdogo uliokuwa unaning'inia juu yangu ilikuwa inadondoka kitu cha rangi ya mchuzi wa nyanya, kizito kidogo, na sikuamini kwamba maisha ya kaka yamo ndani ya kitu kinachofanana na kilichobaki kwenye sufuria.

Saa moja baada ya kuanza, midomo ikaanza kufa ganzi, kisha ncha za vidole. Ili damu isigande ndani ya mipira, mashine huichanganya na sitreti, ndugu wa asidi ya ndimu, na sitreti hukamata kalsiamu iliyo kwenye damu. Mtu mdogo ana damu kidogo, kwa hiyo sitreti ile ile humpanda haraka zaidi. Wakanipa vidonge vya kalsiamu na maziwa, wakapunguza mwendo wa mashine. Ganzi ikaondoka. Lakini mashine ikienda polepole, kwa saa zile zile hupita lita chache. Na mishipa yangu nayo ilikuwa inajifunga kila mara, mashine inapiga kelele, nesi anakuja anageuza sindano. Kwa wenye mishipa kama yangu, na wengi wao ni wanawake, wakati mwingine hulazimika kuwekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au wa paja. Mimi niliponea chupuchupu.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo kiini cha kesi yangu na shangazi.

Hospitali haiulizi "umetoa seli ngapi?" Inauliza umetoa ngapi kwa kila kilo ya anayepokea. Kiwango cha chini kinachokubalika ni seli milioni mbili zenye CD34 kwa kilo, na kwa anayepokea kutoka kwa mtu mwingine madaktari hupenda wapate milioni nne au tano, kwa sababu chini ya hapo damu mpya huchelewa kuota na mgonjwa hukaa siku nyingi zaidi bila kinga. Kaka ana kilo 72. Mara milioni nne, ni milioni 288.

Mimi nina damu kama lita tatu. Siku ile mashine ilipitisha lita tisa, yaani damu yangu yote ilizunguka mara tatu. Seli 48 kwa mikrolita ni milioni 48 kwa lita. Mara tisa, milioni 432 zilipita mbele ya wavu. Lakini wavu hauna macho madogo kiasi hicho. Mashine hunasa kama nusu, pengine pungufu kidogo, zingine hurudi mwilini na damu. Nusu ni milioni 216. Gawa kwa 72: milioni tatu kwa kilo. Nimepungukiwa milioni moja, na hakuna mahali popote katika hesabu hiyo pa kuandika kinyongo.

Sasa geuza. Tuseme mimi ndiye mgonjwa, kaka ndiye mchangiaji. Yeye ana damu kama lita tano, mara tatu ni lita 15. Mwanaume wa umri wake anaweza bila shida kufika seli 80 kwa mikrolita. Milioni 80 mara 15 ni milioni 1,200, nusu yake milioni 600, gawa kwa kilo zangu 50: milioni 12 kwa kilo. Mara nne ya nilichompa, kwa kikao kimoja, na jioni wangemsifu kwa upendo wake.

Nililala pale, nikachomwa tena, kesho yake nikarudi kitandani. Siku ya pili mara nyingi huleta kidogo kuliko ya kwanza kwa kuwa dagaa waliopanda wameshavuliwa. Nilitoa milioni moja na nusu kwa kilo. Jumla nne na nusu. Inatosha.

Kinachoifanya namba ya asubuhi iwe 48 kwa mmoja na 120 kwa mwingine ni mchanganyiko wa mambo, na mengi hayako mikononi mwa mtu. Umri ni mojawapo: uloto wa kijana wa miaka 22 huitikia dawa vizuri kuliko wa mzee wa 58, ingawa mzee mwenye afya bado anaweza kufikisha kiwango. Wanaume kwa wastani hutoa zaidi ya wanawake. Uzito una mchezo wake, kwa sababu dawa hupimwa kwa kilo. Mtu mnene hupokea dawa nyingi kuliko mfupi mwembamba, na damu yake pia ni nyingi, kwa hiyo huvuna kwa mikono miwili. Hili liliniudhi kidogo, baada ya miaka yote ya kuambiwa nisinenepe. Halafu kuna picha ya damu kabla ya dawa: wenye chembe sahani nyingi na chembe nyeupe nyingi tangu mwanzo huelekea kupandisha seli shina nyingi. Vyote hivi ni wastani. Katika kundi la watu vinaonekana wazi, lakini kwa mtu mmoja mmoja vinadanganya, ndiyo maana wanapima asubuhi ile badala ya kukisia.

Kuhusu chembe nyeupe lazima niseme jambo ambalo vitabu vya zamani vililikosea kwa watu wetu. Karibu sisi sote wa kusini mwa Sahara tumezaliwa bila alama fulani kwenye chembe nyekundu, iitwayo Duffy. Kwa wengi wetu hali hiyo huenda pamoja na chembe nyeupe za ulinzi kuwa chache kwenye damu kuliko viwango vilivyopimwa kwa Wazungu. Uloto uko salama na chembe zipo, ni vile tu zimekaa mahali pengine. Mtu akisoma karatasi ya majibu na kuona mshale wa kushuka, asikimbilie kusema mchangiaji huyu hafai. Namwambia ndugu na namwambia pia daktari kijana aliyesomea nje.

Huku kwetu ukizungumzia upandikizaji, swali litakalofuata ni la siko seli, yaani selimundu. Kanda ya Ziwa ni kati ya maeneo yenye mzigo mkubwa kabisa nchini. Karibu mtoto mmoja kati ya watano wanaozaliwa huku amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo bila kuumwa. Mama anayepanda kilima cha hospitali ya Bugando kila mwezi na mtoto mgongoni ameshasikia kwamba dawa ya kumaliza ugonjwa ni uloto wa ndugu. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikiza watoto wa aina hii mwaka 2023, kwa hiyo si habari ya India peke yake tena. Ila hesabu ya familia ni nyingine na inaumiza.

Kwanza, kundi la damu si lazima lifanane, ingawa ndilo kila mtu hulitaja. Kinachotakiwa kufanana ni alama za HLA, zilizo juu ya seli na ambazo kinga ya mwili huzitumia kumjua mwenyeji na mgeni; hurithiwa nusu kwa baba nusu kwa mama. Ndugu wa tumbo moja na baba mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kabisa. Wakati huo huo, kama wazazi wote wawili wamebeba kinasaba cha selimundu, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa mgonjwa, na mgonjwa hawezi kumponya mgonjwa. HLA iko kwenye kromosomu ya 6, selimundu kwenye ya 11, kila moja inarushwa kivyake kama shilingi mbili. Kwa hiyo nafasi ya ndugu mmoja kuwa amefanana na pia hana ugonjwa ni 3 kati ya 16. Ukiwa na ndugu wanne, uwezekano wa kumpata angalau mmoja ni kama asilimia 56. Aliyebeba kinasaba kimoja tu anaruhusiwa kuchangia.

Pili, boma kubwa hudanganya. Nimewahi kumsikia mzee mmoja Igoma akijigamba kwamba mjukuu wake hawezi kukosa, kwani baba ana watoto 14. Watoto hao ni wa mama watatu. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti kwa kawaida, wakibahatika, hufanana nusu tu, na nafasi ya hiyo nusu yenyewe ni moja kati ya mbili. Siku hizi upandikizaji wa nusu unafanyika, lakini ni safari nyingine, ngumu zaidi. Kwenye hesabu ya kufanana kabisa, wale 14 walikuwa wanne.

Tatu, na hapa naomba usome polepole: mtu mwenye selimundu hachomwi filgrastimu. Kwake taa hiyo ni moto. Chembe nyeupe zikifurika ghafla, chembe nyekundu zenye umbo la mundu hukwama kwenye mishipa, na kuna watu waliopata shambulio baya kabisa na wengine kufariki. Ndugu yake mzima, hata aliyebeba kinasaba kimoja, anaweza kuchomwa. Mgonjwa mwenyewe, hapana. Matibabu mapya ya kurekebisha vinasaba, yaliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, yanahitaji seli za mgonjwa mwenyewe, na hutumia dawa nyingine iitwayo pleriksafo, inayoikata ile kamba ya mbuzi moja kwa moja bila kuusumbua uloto. Hata hivyo wagonjwa wengi hulazimika kurudi kwenye mashine zaidi ya mara moja.

Kwa mtoto mpokeaji, mara nyingi madaktari huacha damu na kwenda kwenye uloto wenyewe, kwa sababu ugomvi wa muda mrefu kati ya seli ngeni na mwili zilioukuta huwa mdogo kwa uloto kuliko kwa damu. Mchangiaji hulazwa usingizi wa nusukaputi, akachomwa sindano nyuma ya nyonga mara nyingi. Hapa vigezo vinabadilika. Mkono wa daktari unahesabika: akivuta mililita nyingi kwa pigo moja, anavuta damu ya kawaida inayokimbilia pale, na uloto unakuwa mwepesi kama togwa iliyozidishwa maji. Anatakiwa avute kidogo, asogeze sindano, avute tena. Na kuna ukomo: mililita 20 kwa kila kilo ya mchangiaji. Dada wa kilo 15 anayemchangia kaka wa kilo 35 ana ukomo wa mililita 300, na hapo timu nzima huanza kupiga hesabu kabla ya mtoto kuvuliwa viatu. Wakati mwingine husubiri akue.

Kuna na ziwa lenyewe. Aliyekulia kwenye mwambao huu, akaoga Nyegezi, akachota maji Ukerewe, kuna uwezekano alishapata kichocho cha tumbo, na kichocho cha miaka mingi huvimbisha wengu. Malaria za utotoni nazo hufanya hivyo. Filgrastimu yenyewe huvimbisha wengu kwa muda, na mara chache sana, chache mno, wengu imewahi kupasuka. Mchangiaji wa huku akipapaswa tumbo na kufanyiwa ultrasaundi asione anacheleweshwa. Minyoo na upungufu wa madini ya chuma navyo vitafutwe mapema. Anayetobolewa nyonga hupoteza damu halisi. Vipimo vya VVU, homa ya ini na kaswende ni vile vile anavyovijua kila aliyewahi kuchangia Damu Salama. Mjamzito hachangii.

Wanaochangia nafsi zao ni kundi tofauti, nao nitawapitia kwa haraka. Muhimbili ilianza upandikizaji wa aina hiyo mwaka 2021 kwa wagonjwa wa mieloma, saratani inayokaa ndani ya uloto: seli za mgonjwa huvunwa, huhifadhiwa, anapigwa dawa kali, kisha hurudishiwa. Kwake adui wa mavuno ni matibabu aliyoyapitia. Mionzi kwenye nyonga, dawa ya melfalani, mizunguko mingi ya lenalidomaidi, vyote huacha uloto umechoka, ndiyo maana daktari makini hupanga kuvuna mapema. Namba ikikataa kupanda, hapo ndipo pleriksafo huongezwa juu ya filgrastimu. Bei yake ni habari nyingine na sitaki kuharibu siku ya mtu.

Na zile nilizotoa mimi? Zimerudi. Uloto ulijaza pengo lenyewe, chembe sahani zikapanda ndani ya wiki mbili, na kipimo changu cha mwezi uliofuata kilikuwa kama cha mtu ambaye hakwenda popote.

Juzi nilimpelekea shangazi hesabu hii, nimeiandika nyuma ya risiti ya duka: 48 mara 9, gawa kwa mbili, gawa kwa 72. Alisoma hadi darasa la saba na ameuza dagaa kwa debe miaka 30. Hesabu haimpigi chenga. Akaifuata kwa kidole mpaka chini, akarudi juu, akaigusa ile 9.

"Hizi lita zinatokana na unene wako?"

"Ndiyo, shangazi."

Akanyanyuka, akaingia jikoni. Akarudi na bakuli la michembe iliyopikwa na karanga, akaliweka mbele yangu, akasogeza na kijiko.

"Kula. Kaka yako ana watoto watatu, hujui keshokutwa nani atakuhitaji."

Nikamwambia kilo mbili za michembe hazitafika hata robo ya lita. Na watoto wa kaka kufanana na mimi ni bahati nasibu nyingine kabisa.

"Hiyo hesabu utaifanya," akasema, "ukishamaliza bakuli."